Fidia ya Nyumba za Ufukweni



Mwaka 2020, na tena mwaka 2024, Ziwa Victoria lilifurika hadi kimo ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1960. Kuanzia Dunga na Nyando hadi Budalang'i, maji yaliingia majumbani na mashambani. Kila masika ndugu zetu wa Kisumu huambiwa: hameni. Nasi twauliza: wahamie wapi, na kwa mali gani?

Marekani, serikali huzinunua nyumba za mabondeni kwa wenyewe waliokubali kuhama, aghalabu kwa bei ya kabla ya mafuriko. Kwetu, mwaka 2024, waliobomolewa kandokando ya mito ya Nairobi waliahidiwa shilingi 10,000 kwa kila familia. Huo ni msaada wa kushukuriwa, lakini si thamani ya nyumba.

Mwaka wa 17 Hijria mafuriko yaliingia katika Msikiti Mtukufu wa Makka, yakaling'oa jiwe la Maqamu Ibrahim. Sayyidna Umar, radhi za Allah ziwe juu yake, akajenga kizuizi cha maji, akazinunua nyumba zilizouzunguka msikiti ili aupanue. Waliokataa kuuza, nyumba zao zilivunjwa, lakini thamani yake iliwekwa amana mpaka wakaichukua. Maslahi ya wote yalitangulia, na haki ya mmoja haikupotea. Katiba yetu nayo, katika ibara ya 40, yaagiza fidia ya haki na ya haraka pale serikali inapotwaa ardhi ya mtu.

Hata hivyo, fidia ikishafika, dhulma huweza kuanzia ndani ya nyumba. Nyumba ya marehemu ambayo mirathi yake haijagawanywa si mali ya mwana mkubwa, hata akiwa yeye ndiye atiaye sahihi. Mjane mwenye watoto ana thumuni yake, na binti ana fungu lake. Nyumba aliyoijenga mke kwa jasho lake ni yake.

Kwa hiyo, dada zetu, msingoje mvua. Hifadhini hati na risiti za mawe na mabati. Andikeni mbele ya mashahidi ni nani aliyejenga nini, na nakala iwekwe kwa jamaa aishiye mahali pa juu.

Na aliyepewa thamani yake halali, basi na ahame. Kuokoa watoto hakupingani na tawakkul. Aliyenyimwa, na adai, nasi tusimame naye.

Wabillahi tawfiq.