Kwikwi ya Siku Mbili Si Mzaha

Ndugu wanajeshi na polisi, twaomba leo mtusikilize juu ya jambo ambalo wengi hulicheka.

Kwikwi hutokea pale msuli mpana ulio chini ya mapafu unapojikaza ghafula pasipo hiari ya mtu. Hewa huvutwa kwa nguvu, koo likajifunga mara moja. Ndiyo ile sauti. Mara nyingi asili yake ni chakula kilichobugiwa kwa pupa, au pombe, nayo hupita yenyewe. Kuzuia pumzi kidogo au kumeza kijiko cha sukari huwafaa wengi. Wako wanaopenda kumshtua mgonjwa. Haidhuru, ilmradi asishtuliwe kwa bunduki.

Lakini ikizidi saa 48, hiyo ni kwikwi sugu, na mzaha umekwisha. Twasema hivi kwa kuwa mabwenini, na zaidi katika vyumba vya mahabusu, hukumu hutolewa upesi: huyu ni mlevi, mwacheni alale. Mlevi gani asiyelevuka siku mbili? Figo zilizoshindwa kazi huleta kwikwi. Kiharusi kilichopiga shina la ubongo huileta pia, kadhalika jeraha la kichwa, uvimbe kifuani, na asidi ya tumbo ipandayo kooni. Mtu aliyeangushwa wakati wa kukamatwa aweza kufia sakafuni huku walinzi wakimcheka.

Sisi wa Uganda tunayo sababu nyingine. Ebola ilipozuka Gulu mwaka 2000, watu 425 waliugua na 224 wakafa, akiwemo Daktari Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor. Kwikwi pamoja na homa ni miongoni mwa dalili za maradhi hayo. Mwenye dalili hizo atengwe kwa heshima, asiguswe ovyo, na mganga aitwe mara moja.

Tiba ni kutafuta chanzo kwanza. Ipo dawa ya klorapromazini, ambayo daktari pekee ndiye wa kuitoa, maana hushusha nguvu ya damu na kuleta usingizi. Askari anayeitumia asipangiwe lindo wala asikabidhiwe silaha.

Twamtaka kila sajenti wa zamu aandike katika kitabu cha matukio saa kwikwi ilipoanza. Ikiingia siku ya tatu, mgonjwa apelekwe zahanati, awe koplo au mahabusu.