Homa ya Mafua Inapomkuta Mlezi Naye
Homa ya mafua, yaani maradhi ya njia ya hewa yanayosababishwa na virusi vya influenza, huingia nyumbani kwa mtu mmoja na mara nyingi huwapitia wengine mmoja baada ya mwingine, kwa sababu dalili hujitokeza kati ya siku 1 na 4 baada ya maambukizi, ilhali mgonjwa huweza kuambukiza tangu siku moja kabla hajajihisi vibaya. Mzigo wa kuuguza humwelemea zaidi mama, ambaye hukesha akimnywesha mtoto maji kijiko kwa kijiko huku naye akitetemeka kwa homa, na kunapokucha hutarajiwa kukoroga uji wa nyumba nzima. Antibiotiki, yaani dawa za kupambana na bakteria, haziui virusi, hivyo kuzinunua kwa kubahatisha ni kupoteza fedha na kukuza usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Kinachofaa ni mapumziko, vinywaji vya kutosha, kuendelea kunyonyesha, na parasetamoli kwa kipimo kinacholingana na uzito wa mtoto, kamwe si aspirini. Palipo na malaria, mwenye homa apimwe ugonjwa huo, na mtoto anayepumua kwa kasi, ambaye kifua chake kinabonyea ndani anapovuta pumzi, au anayeshindwa kunyonya, afikishwe kituo cha afya bila kuchelewa. Aidha, kwa kuwa mlezi naye ni mgonjwa, ni wajibu wa baba, ndugu na majirani kushika jiko, ndoo na zamu ya usiku, kwani afya ya watoto hutegemea pia usingizi wa anayewauguza.