Kiswahili cha Darasani Kinapofika Kibera

Kila mwaka vyuo vyetu vya Nairobi huwapokea wanafunzi kutoka Marekani, Ujerumani na kwingineko, waliokuja kujifunza Kiswahili na, kama wasemavyo wenyewe, kuyaona maisha ya kila siku. Baadhi yao hulazwa Karen au Lavington, nyuma ya malango yenye mabawabu. Kisha siku moja katika muhula hupakiwa ndani ya basi dogo wakapelekwa Kibera. Hutembezwa kwa saa mbili, hupiga picha za watoto wasioulizwa lolote, na jioni hurejea wakiwa wameguswa mno. Hayo ndiyo tuyaitayo maisha ya kila siku!

Mwandishi wa makala haya naye amewahi kuwa mgeni. Nilipokwenda kusomea shahada ya uzamifu Bayreuth, Ujerumani, nilikuwa nimekariri "Guten Tag" kwa miezi mitatu. Siku ya kwanza mwuza mikate alinisalimu "Grüß Gott", nami nikaduwaa. Hakuna aliyenipakia ndani ya basi kwenda kuwatazama Wajerumani. Nilipanga foleni, nikakosea, nikachekwa, nikanunua mkate wangu. Kesho yake nilirudi.

Mwaka juzi mwanafunzi wangu mmoja Mjerumani alikataa malazi aliyopangiwa, akapanga chumba Kawangware. Baada ya juma moja alinijia ofisini. "Mwalimu," akasema, "hesabu zimenishinda." Utingo wa matatu ya nambari 46 alikuwa amemdai finje. Mama mboga alimwambia fungu la sukumawiki ni mbao. Kijana huyu aliyajua maneno ishirini na hamsini tangu somo la pili. Mbao alizijua kuwa ni za seremala.

Lililomfunza zaidi, hata hivyo, ni kitenzi ambacho wote tunakijua: kupima. Darasani tulimfundisha kupima urefu na uzito. Kawangware alimsikia jirani akimtuma mtoto "akapime mafuta" ya kupikia, naye mtoto akarudi na kiasi cha chakula cha jioni tu. Ndipo alipong'amua kwamba kibarua alipwaye kwa siku hununua kwa siku: mafuta kidogo, sukari ya kufungwa karatasini, maji kwa mtungi. Na anunuaye kidogo kidogo aghalabu hulipa zaidi kwa kila kipimo kuliko jirani yake wa Lavington, aliye upande wa pili wa barabara. Hayo hayaonekani kupitia dirisha la basi.

Kibera nako mwanafunzi wa lugha hupitishwa mbio karibu na hazina. Jina lenyewe latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Wanubi, wazao wa askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la Waingereza, waliishi hapo tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na lugha yao ni krioli iliyozaliwa na Kiarabu. Bernd Heine aliiandikia kitabu kizima mwaka 1982. Mgeni akitembezwa leo huambiwa nini? Kwamba yuko katika mtaa wa watu milioni moja. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu 170,070. Tumekuza idadi, tukasahau lugha.

Nawajua watakaouliza juu ya usalama wa wageni. Ni swali halali, na mgeni apaswa kuwa na mwenyeji anayemfahamu na kulipwa ipasavyo. Lakini wenyeji hao tunao tayari: wameketi katika kumbi zetu za mihadhara. Wapo wanafunzi wetu Wakenya watokao Laini Saba, Makina na Gatina ambao wakiulizwa wanakoishi hutaja mtaa wa jirani. Nimewasikia kwa masikio yangu. Walijifunza aibu hiyo kutoka kwetu, walimu wenzangu, tulipowaambia kwamba wasemavyo kwao si lugha. Sisemi kwamba Sheng iingie katika insha ya mtihani. Nasema kwamba kijana awezaye kuhama kutoka Sheng hadi Kiswahili sanifu, na pengine Kinubi au Kiluhya, kabla ya kufika kituo cha matatu, ana ujuzi ambao mgeni amesafiri maelfu ya kilomita kuutafuta. Mwacheni amfundishe mgeni huyo, na chuo kimlipe.

Mjerumani wangu alirudi kwao mwezi wa Agosti. Katika insha yake ya mwisho aliandika kwamba alitoka jioni "kupima mafuta". Mtahini mwenzangu aliupigia usemi huo mstari mwekundu, akamtoza alama mbili. Nilizirudisha.