Usitibu goti ukaumiza tumbo

Msomaji, goti likikukesha usiku kucha, si ajabu asubuhi ukakimbilia duka la dawa kununua diklofenaki. Sikulaumu. Lakini fahamu kwamba kemikali ya mwili inayozuiwa na dawa hii ili uvimbe utulie ndiyo pia inayolinda tumbo na kusaidia damu kufika kwenye figo.

Majuzi mama mmoja alinijia hoi, akihema. Kwa wiki tatu alikuwa akimeza diklofenaki pamoja na ibuprofeni. Choo chake kilikuwa cheusi kama lami. Damu ilikuwa ikivuja tumboni.

Dawa hizo mbili ni za ukoo mmoja. Kuzichanganya huzidisha madhara, si nafuu. Anza na ile ya kupaka. Ukilazimika kumeza, meza aina moja tu, baada ya chakula, kwa siku chache. Mja mzito, mzee, na mwenye vidonda vya tumbo, maradhi ya figo, moyo au shinikizo la damu, amwone daktari kwanza.

Nao wauza dawa wamwulize mnunuzi anaugua nini na anameza nini kingine, kabla ya kupokea pesa zake. Kuuliza hakugharimu kitu.