Felix Hernandez: Alichuja mapema au alitumika mapema?

SEATTLE, MAREKANI. KILA Januari jina la Felix Hernandez linarudi mezani, na kila likirudi mashabiki wa besiboli wanagawanyika kama mashabiki wa Arsenal walivyogawanyika juu ya mkataba wa Mesut Ozil.

Januari 2025 ilikuwa mara ya kwanza kwa mrushaji huyo wa zamani wa Seattle Mariners kupigiwa kura ya kuingia Ukumbi wa Magwiji wa besiboli, ule ulioko Cooperstown, jimbo la New York. Akaambulia asilimia 20.6. Ili mtu aingie anahitaji asilimia 75 ya kura za waandishi wa mchezo huo. Mwaka mmoja baadaye, Januari 2026, akapanda hadi asilimia 46.1.

Sasa hapo ndipo penye utamu. Katikati ya kura hizo mbili jamaa hakurusha hata mpira mmoja. Mechi yake ya mwisho ya ligi kuu ilikuwa Septemba 2019. Rekodi ni zile zile, kuchuja kwake ni kule kule. Kilichobadilika ni namna watu wanavyozisoma hesabu zake.

Upande mmoja unasema Felix alikwisha akiwa na miaka 30, akala mkwanja wa dola milioni 175 na kuwaachia Mariners mzigo. Upande wa pili unasema klabu ilikuwa imeshaufaidi mkono wake kabla hata wino wa mkataba huo haujakauka. Pande zote mbili zina hoja, ila moja ina nzito zaidi.

MKONO UNAHESABIWA

Kwa asiyefuatilia mchezo huu, mrushaji ndiye mwenye mechi. Kila tukio linaanzia mkononi mwake. Anasimama katikati ya uwanja, anamrushia mpira mpigaji mwenye gongo, na kazi yake ni kumfanya akose au apige vibaya. Mechi ina raundi tisa. Mrushaji anapimwa kwa wastani wa mikimbio anayoruhusu kila raundi tisa, kama kipa anavyopimwa kwa mabao aliyofungwa. Ukiwa chini ya 3.00 wewe ni fundi. Ukivuka 5.00 kocha anaanza kuangalia benchi.

Anayeanza mechi anacheza moja kisha anapumzika siku nne au zaidi, kwa sababu kurusha mpira kwa kasi ile ni kuutesa mwili. Kiwiko na bega havikuumbwa kwa kazi hiyo. Ndiyo maana klabu zinahesabu mipira na raundi za kila mrushaji kama dereva anavyohesabu kilomita za gari.

Na gari la Felix lilianza safari mapema mno. Alizaliwa Valencia, Venezuela, akasajiliwa na Mariners mwaka 2002 akiwa na miaka 16 tu, akaanza ligi kuu Agosti 2005 akiwa na miaka 19. Hadi msimu wa 2012 unamalizika, kijana wa miaka 26 alikuwa ameshakula raundi zaidi ya 1,600. Kuanzia 2008 hadi 2015 hakushuka chini ya raundi 200 hata msimu mmoja. Misimu minane mfululizo!

Leo hilo ni jambo la ajabu. Mwaka 2010 warushaji zaidi ya 40 walifikisha raundi 200. Mwaka 2024 walifika wanne tu ligi nzima, mmoja wao akiwa Logan Gilbert wa hao hao Mariners. Klabu zimeanza kuilinda mikono, na kadiri zinavyoilinda ndivyo kazi ya kina Felix inavyozidi kuonekana kubwa. Hii ni sababu mojawapo ya kura zake kupanda bila yeye kunyanyua kidole.

MFALME WA TIMU MBOVU

Mwaka 2010 Felix alifanya kitu kilichobadili kabisa mjadala wa warushaji. Alimaliza na ushindi 13 na vipigo 12. Kwa mahesabu ya zamani hizo ni takwimu za mchezaji wa kawaida. Lakini wastani wake ulikuwa 2.27, na aliwatoa wapigaji 232 kwa kuwashinda mipira mitatu. Shida ilikuwa wenzake. Mariners walipata mikimbio 513 msimu mzima, michache kuliko timu yoyote ya ligi kuu mwaka huo, na wakapoteza mechi 101 kati ya 162.

Chukulia kipa anayefungwa bao moja kila mechi halafu mastraika wake hawafungi hata penalti. Utamlaumu kipa?

Waandishi hawakumlaumu. Walimpa Cy Young, tuzo ya mrushaji bora, wakimuacha CC Sabathia wa New York Yankees aliyekuwa na ushindi 21. Siku hizi kumpima mrushaji kwa ushindi wa timu ni kama kichekesho, na Felix ni mmoja wa waliowafungua watu macho.

Seattle wakamuita Mfalme. Kuanzia 2011 klabu ikamtengea eneo jukwaani lililoitwa Baraza la Mfalme, mashabiki wakivaa fulana za njano na kunyanyua kadi zenye herufi K, alama ya mpigaji aliyetolewa kwa mipira mitatu. Agosti 15, 2012 akawalipa. Wapigaji 27 wa Tampa Bay Rays walisimama mbele yake, 27 wakarudi benchi bila hata mmoja kufika kituo cha kwanza. Matokeo yalikuwa 1-0. Mechi kamili ya aina hiyo ilikuwa ya 23 tu katika historia ya ligi kuu, na Mariners hawajapata nyingine.

Februari 2013 wakampa mkataba wa miaka saba wenye thamani ya dola milioni 175, mkubwa kuliko wa mrushaji yeyote hadi siku hiyo. Alilia mbele ya waandishi. Ila kuna kipengele ambacho mashabiki wengi wanakisahau: vipimo vya kiwiko viliitia klabu wasiwasi, ikaweka kinga ya kumpata mwaka wa nane kwa dola milioni 1 tu iwapo kiwiko hicho kingemweka nje kwa muda mrefu. Maana yake walijua. Walisaini macho yakiwa wazi.

KASI ILIPOKIMBIA

Miaka mitatu ya kwanza ya mkataba hakuna aliyeguna. Mwaka 2014 alimaliza na wastani wa 2.14, akawatoa wapigaji 248, na akaweka rekodi ya mechi 16 mfululizo za kumaliza angalau raundi saba bila kuruhusu zaidi ya mikimbio miwili. Yuko moto kweli kweli.

Halafu ikaanza. 2016: 3.82. 2017: 4.36. 2018: 5.55, na Agosti mwaka huo akatolewa kwenye orodha ya wanaoanza mechi, akaingia akitokea benchi kwa mara ya kwanza tangu afike ligi kuu. 2019 akafunga kitabu kwa ushindi mmoja, vipigo nane na wastani wa 6.40. Alikuwa na miaka 33.

Nini kilitokea? Kasi. Enzi zake mpira wake wa moto ulikuwa ukitembea kama kilomita 154 kwa saa. Mwishoni ulikuwa unacheza kwenye 144. Kwa mtazamaji wa kwenye runinga tofauti hiyo haionekani, lakini kwa mpigaji ni maisha na kifo.

Silaha kubwa ya Felix ilikuwa mpira wa kudanganya, unaokuja kama ule wa moto kisha unazama chini ukifika kwenye gongo. Mpigaji aliyekuwa akiogopa kilomita 154 alilazimika kuamua haraka, akaingia mtegoni. Kasi ilipokwisha, hofu nayo ikaisha. Wapigaji wakaanza kusubiri. Mpira ule ule uliozama chini wakauacha upite, na Felix akalazimika kurudi katikati, sehemu wanayoipenda.

Kuna mashabiki wanaosema alikuwa mbishi, kwamba alichelewa kukubali kuwa yeye si yule tena na kubadili mbinu. Hoja hii ina ukweli, na mfano wake ni Sabathia. Huyo naye alipoteza kasi. Kuanzia 2013 hadi 2015 wastani wake ulizidi 4.70 kila msimu. Akajifunza kutegemea mpira mwingine unaokata pembeni, akarudi chini ya 4.00 misimu mitatu mfululizo. Akamaliza na ushindi 251, wapigaji 3,093 na pete ya ubingwa wa 2009. Januari 2025, kura ile ile iliyompa Felix asilimia 20.6, Sabathia aliingia Ukumbi wa Magwiji jaribio la kwanza kwa asilimia 86.8. Kulipiza kisasi cha 2010 hakuna kuzuri kuliko huko.

Lakini kabla ya kumhukumu Felix kwa ubishi, mtazame Justin Verlander.

Wiki chache baada ya Felix kusaini, Machi 2013, Detroit Tigers walimpa Verlander mkataba mkubwa zaidi. Naye ni mkali wa kasi, na ni mkubwa kwa Felix kwa miaka mitatu. Mwaka 2014 wastani wake ulikuwa 4.54 na mashabiki wa Detroit wakaanza kuuliza fedha zao zitarudije. Mwaka huo huo Felix alikuwa na 2.14. Ungewauliza mashabiki 100 nani kati ya hao wawili atakuwa bado anatamba miaka minane mbele, ni nani angesema Verlander?

Ndiye aliyetamba. Alipohamia Houston Astros Agosti 2017 akabeba ubingwa mwaka huo huo, akachukua Cy Young ya 2019, akafanyiwa upasuaji wa kiwiko mwaka 2020, kisha 2022 akiwa na miaka 39 akachukua nyingine kwa wastani wa 1.75. Wakati huo Felix alikuwa ameshakaa nyumbani. Alijaribu bahati Atlanta na Baltimore, hakurudi ligi kuu tena.

Ukiwa jukwaani, kuchuja kwa muda na kuchuja moja kwa moja vinafanana. Mwaka wa kwanza huwezi kuvitofautisha. Shabiki anayejigamba kwamba aliona mapema Felix amekwisha ndiye yule yule aliyesema Verlander amekwisha.

NANI ALIMLA NANI?

Hesabu ya fedha nayo ina pande mbili. Dola milioni 175 kwa miaka saba ni wastani wa milioni 25 kwa mwaka, na mikataba ya besiboli ni ya uhakika. Mchezaji akishuka kiwango analipwa kila senti. Kwa miaka minne ya mwisho Mariners walilipa bei ya mfalme kwa mrushaji wa kawaida, na mwishoni chini ya kawaida. Hilo halina ubishi.

Ila mfumo wa ligi ile unambana kijana. Miaka sita ya mwanzo mchezaji yuko chini ya himaya ya klabu yake na hawezi kujiuza sokoni. Felix aliwarushia Mariners mipira bora ya maisha yake akiwa kwenye mishahara ya chini, na hata mkataba wake wa Januari 2010, wa miaka mitano kwa dola milioni 78, ulikuwa bei ya kutupa kwa mtu aliyechukua Cy Young mwaka huo huo. Ukizitazama fedha za 2016 hadi 2019 peke yake, aliiba. Ukizijumlisha na kazi ya 2007 hadi 2012, basi alikuwa anadai.

Na wanaosema mkwanja wake uliwakosesha Mariners mataji wanakwepa jambo moja. Timu hiyo haikucheza mechi hata moja ya mtoano kuanzia 2002 hadi 2021. Wakati Felix analipwa kidogo, hawakufika. Analipwa sana, hawakufika. Alipoondoka, wakakosa misimu miwili zaidi. Tatizo la Seattle lilikuwa magongo, na viongozi waliowasajili wenye magongo hayo. Walipata bahati ya mkono kama ule na wakashindwa kuuzungushia timu kwa miaka 15.

Yeye angeweza kudai kuuzwa kwa Yankees au Boston Red Sox, akapata pete kama Sabathia. Alibaki. Kwa mashabiki wa njano hilo lina thamani kubwa kuliko chochote, na ndiyo maana mechi yake ya mwisho Septemba 26, 2019 aliondoka uwanjani analia huku wao wakimsimamia, wastani wa 6.40 ukiwa hauna habari. Kwa waandishi wa Cooperstown, uaminifu hauna safu kwenye karatasi ya kura.

Karatasi hiyo inaonyesha ushindi 169, wastani wa 3.42, wapigaji 2,524 waliotolewa, na mechi sifuri za mtoano. Jina linaweza kukaa kwenye kura hadi miaka 10, mradi lisishuke chini ya asilimia 5. Felix ameshatumia mbili. Kutoka 46.1 hadi 75 ni safari ndefu, ila kutoka 20.6 hadi 46.1 aliimaliza kwa mwaka mmoja, na amebakiwa na kura nane.