Tofali Lenye Jina: Somo la Nanjing kwa Sisi Tunaoandika Programu

Nimekuwa kimya wiki kadhaa kwa sababu nilikuwa Uchina kikazi, katika mji wa Nanjing. Baadhi yenu mmeniandikia mkiuliza nimerudi na simu gani, na kama niliona roboti. Simu sikununua. Roboti niliziona, ila leo sina habari zake. Leo nataka kuwaandikia kuhusu tofali.

Najua kuna atakayesema: hii ni blogu ya tarakilishi, historia ya nini? Vumilieni kidogo. Hoja yangu ni kwamba kila mfumo wa kompyuta unaojengwa kwa pesa za umma hapa Kenya unafaa kubeba majina ya walioujenga na walioupitisha, mahali ambapo mwananchi yeyote anaweza kuyasoma. Wachina walifanya hivyo kwa matofali zaidi ya miaka 600 iliyopita. Sisi tuna seva na bado hatujafanya.

Ukuta

Wakenya wengi wanaokwenda Uchina huishia Guangzhou, wakanunua bidhaa na kurudi. Nanjing haina sifa hiyo, lakini ndiyo iliyokuwa mji mkuu mwanzoni mwa nasaba ya Ming, iliyoanza mwaka 1368. Mfalme wa kwanza, Zhu Yuanzhang, ambaye hujulikana pia kwa jina la enzi yake, Hongwu, alizaliwa katika familia ya wakulima maskini. Alianza kuuzungushia mji ukuta mwaka 1366, kabla hata hajatawazwa, na kazi ilichukua zaidi ya miaka 20. Ukuta ulikuwa na urefu wa kilomita 35 hivi. Takriban kilomita 25 zimesimama hadi leo, na unaweza kupanda ukatembea juu yake, upande mmoja Ziwa Xuanwu, upande mwingine maghorofa ya vioo.

Upande wa kusini kuna Lango la Zhonghua. Ukisikia lango usifikirie mlango mmoja. Ni malango manne yaliyofuatana na nyua tatu katikati yake. Adui akivunja lango la kwanza anajikuta uani, amezungukwa na kuta, na askari wanamsubiri juu. Ukutani kuna vyumba 27 vya kuficha askari na chakula chao. Wanaofanya kazi ya usalama wa mitandao wataelewa haraka: usitegemee kizuizi kimoja, na mtu akishapenya mmoja, ajikute bado yuko nje.

Lakini kilichonisimamisha ni tofali lenyewe. Tofali moja lina urefu wa sentimita 40 hivi na uzito wa kilo 20 hivi. Yalitengenezwa katika wilaya nyingi, katika sehemu ambazo leo ni majimbo ya Jiangxi, Hunan, Hubei, Anhui na Jiangsu, kisha yakaletwa kwa mashua kwa njia ya mto Yangtze. Watengenezaji wengi, tanuri nyingi, kipimo kimoja. Na ubavuni mwa tofali, maandishi yamegandamizwa kwenye udongo kabla ya kuchomwa: jina la jimbo na wilaya, ofisa msimamizi wa jimbo, ofisa wa wilaya, viongozi wa makundi ya kaya, fundi wa tanuri, na mwisho kabisa yule aliyelifinyanga kwa mikono yake. Si kila tofali lina orodha nzima, lakini mengi yanayo, na mengine bado yanasomeka.

Mtu akiona tofali limepasuka hakuhitaji kuunda tume ya uchunguzi. Aligeuze tu asome.

Git kabla ya Git

Wanaoandika programu mmeshaona ninakoelekea. Git, chombo alichokitengeneza Linus Torvalds mwaka 2005, kina amri iitwayo blame. Ukiiendesha kwenye faili, kila mstari unatokea na jina la aliyeuandika na tarehe. Wanaoanza kazi huiogopa amri hii kwa sababu ya jina lake. Baada ya miezi sita kazini wanagundua kwamba haina haja na kumwaibisha mtu. Unaitumia kujua umwulize nani. Mstari huu uliwekwa kwa nini? Nikiufuta nitavunja nini? Jina likikosekana, msimbo unakuwa kama kaburi la mgeni: hakuna anayethubutu kuligusa.

Sasa tazama mifumo yetu ya umma. Mwaka jana nililipia leseni ya biashara ya mzazi wangu kupitia mfumo wa kaunti moja, ambayo sitaitaja. Pesa zilitoka kwenye simu, ujumbe ukaja, leseni haikuja. Nilikwenda ofisini. Dawati la kwanza waliniambia ni sistimu. La pili, ni sistimu. La tatu alikuwapo kijana mpole sana, akaniambia kwa huruma kwamba sistimu iliwekwa na kampuni iliyokwishaondoka, na kwamba hata wao hawajui wapige simu wapi. Ilichukua wiki saba. Kwa mama mwenye duka dogo, wiki saba bila leseni ni wiki saba za kufunga kila gari la askari wa kaunti linapopita.

Mtu aliandika mstari ule uliopokea pesa bila kutoa leseni. Mtu mwingine alitia sahihi kwamba kazi imekamilika, ilipwe. Hao watu wapo, wana majina. Ni sisi tulioamua kuyaacha yapotee.

Na hili si la kompyuta peke yake. Aprili 2016 jengo la ghorofa lilianguka Huruma, Nairobi, na takriban watu 50 wakafa. Kila jengo la namna hiyo likianguka swali la kwanza ni lile lile: nani alijenga, nani alipitisha? Swali hilo halifai kuulizwa wakati watu wako chini ya vifusi. Jibu lingekuwa limebandikwa kwenye mlango tangu siku ya kwanza.

Lakini si ilikuwa hofu tu?

Mwenzangu kazini alinipinga nilipomsimulia haya, na hoja yake ni nzito. Alisema majina yale yaliwekwa ili watu waadhibiwe. Ni kweli. Hongwu alikuwa mtawala mkali, aliyeua maelfu ya maofisa wake mwenyewe. Fundi wa tanuri hakuandika jina lake kwa fahari kama mchoraji. Aliliandika kwa sababu aliamriwa, na mfalme mwenyewe hakuwamo katika orodha ya wanaowajibika.

Hapo ndipo tunapoweza kumshinda Hongwu. Jina linaweza kuwa fimbo, au linaweza kuwa njia ya kufika kwenye tanuri lenye kasoro ili lirekebishwe kabla halijatoa matofali mengine elfu. Tofauti inategemea nani yuko juu ya orodha. Kwetu, jambo likiharibika, anayetajwa ni karani aliyebonyeza kitufe au kijana wa mkataba aliyelipwa kwa kuchelewa. Aliyetoa zabuni hatajwi. Aliyebadilisha mahitaji wiki mbili kabla ya uzinduzi hatajwi. Mimi sitaki orodha yenye jina la mfinyanzi peke yake. Nataka orodha nzima kama ya tofali, kuanzia ofisa wa juu hadi mfinyanzi, na hata zaidi ya hapo.

Mwingine atasema nyaraka zipo, sera zipo, mikakati ipo. Nenda Nanjing ukaone Jumba la Yuejiang, juu ya kilima kinachotazama mto. Mwaka 1374 Hongwu aliagiza lijengwe na akaandika insha ya kulisifu. Kisha akaahirisha. Jumba lilikuja kujengwa na kukamilika mwaka 2001. Insha ilingoja jengo lake zaidi ya miaka 600! Nilicheka peke yangu pale juu, kwa maana nimeona miradi ya namna hiyo: waraka mzuri, uzinduzi mzuri, mfumo hakuna.

Ghala la data katikati ya ziwa

Mali bila daftari hupotea bila habari, na Ming walilijua hilo. Mwaka 1381 walianzisha rejista za kaya kwa nchi nzima: nani anaishi wapi, ana watu wangapi, ana ardhi kiasi gani. Zilifanywa upya kila miaka 10, na nakala zilibaki wilayani na majimboni. Nakala kuu zilipelekwa Nanjing, zikawekwa kwenye visiwa vya Ziwa Xuanwu.

Kwa nini ziwani? Moto. Karatasi zikiwa kisiwani, moto wa mjini hauzifikii, na mwizi hafiki bila mashua. Maghala yalikuwa na madirisha ya mashariki na magharibi ili jua lipite na kukausha unyevu. Moto na taa vilipigwa marufuku. Vitabu viliongezeka hadi kupita milioni moja. Kwa lugha yetu: kituo cha data kilichotengwa, chenye nakala rudufu katika ngazi kadhaa. Leo visiwa hivyo ni bustani ya umma, watu wanakimbia mazoezi ya asubuhi.

Sasa sikilizeni sehemu mbaya. Kadiri miaka ilivyopita, makarani wa mikoani waliacha kuhesabu watu. Walinakili rejista ya zamani, wakaongeza kidogo, wakatuma. Katika karatasi watu waliishi umri usiowezekana, na ardhi ilibaki kwa watu waliokufa zamani. Ghala lilikuwa bora, kilichohifadhiwa kilikuwa uongo. Seva nzuri haiponyi data mbovu.

Hapa Kenya tulijiandikisha Huduma Namba mwaka 2019, tukapanga foleni tukatoa alama za vidole. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ikasema utoaji wa kadi ulikwenda kinyume cha sheria, kwa kuwa hapakufanywa kwanza tathmini ya athari kwa data za watu. Julai 2023 eCitizen ilishambuliwa, huduma zikasuasua kwa siku kadhaa. Kila mara tunajadili mashine: seva ziko wapi, kadi ni za aina gani. Mimi nauliza kuhusu watu. Nani alithibitisha data hii, na jina lake liko wapi?

Twiga wa Malindi

Siwezi kumaliza bila hili. Kwenye kaburi la Hongwu, Ming Xiaoling, chini ya Mlima wa Zambarau, kuna njia yenye wanyama wa mawe. Wamo simba, ngamia, tembo, farasi, na wawili wa hadithi, mmoja wao qilin. Qilin alikuwa mnyama wa baraka ambaye hakuna aliyemwona. Kisha mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimpelekea mfalme Yongle, mwana wa Hongwu, twiga, na pale ikulu wakasema: qilin ndiye huyu. Mkenya akimtazama yule wa mawe atacheka, hana shingo ya twiga hata kidogo. Lakini Wajapani hadi leo humwita twiga kirin.

Safari zile saba za Zheng He, kati ya 1405 na 1433, zilitayarishwa Nanjing, na eneo la viwanda vya merikebu zake sasa ni bustani ya makumbusho. Sehemu kubwa ya kumbukumbu rasmi za safari hizo imepotea. Kati ya vilivyobaki ni maandishi ambayo Zheng He na wenzake waliyachonga kwenye mawe mwaka 1431, wakitaja safari moja baada ya nyingine. Na huku kwetu, mwaka 2010, watafiti wa Kenya na Uchina walichimbua Mambrui, karibu na Malindi, sarafu yenye jina la enzi ya Yongle. Makabati ya ikulu yalishindwa. Jiwe la hadharani na sarafu iliyopita mikononi mwa watu vimesema.

Ninachopendekeza

Kila tovuti na programu ya umma iwe na ukurasa mmoja unaofunguka bila nywila. Uonyeshe kampuni iliyojenga, ofisa aliyetoa zabuni, ofisa aliyetia sahihi ya kupokea kazi, tarehe, toleo, orodha ya mabadiliko, na mtu wa kumpigia pesa zikikwama. Msimbo ubaki mikononi mwa serikali na historia yake yote ya Git, si kwa kampuni iliyokwishaondoka. Hakuna haja ya kungoja sheria mpya: kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 tayari kinatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali.

Na sisi tunaoandika tuanze bila kusubiri. Weka jina lako kwenye kazi yako. Kama huwezi kuliweka, jiulize kwa nini.

Kwa watakaosafiri: unganisha kadi yako na Alipay kabla ya kuondoka, tembea na pasipoti kwa sababu tiketi nyingi huandikishwa nayo, na usipange kwenda kaburi la Sun Yat-sen Jumatatu, hufungwa. Ngazi zake ni 392. Nilizihesabu nikafika 400, basi aminini kibao.

Mnaonaje? Kama umewahi kujenga mfumo wa umma, ungekubali jina lako liandikwe? Niachieni maoni hapa chini, na mkiweza, tumieni majina yenu halisi.