Minyoo Wetu Wasibaki Maabarani



Wengi wetu tunafanya kazi relini, lakini chakula cha watoto chatoka katika shamba dogo la nyumbani analolima mama watoto. Kwa hiyo habari ya wadudu waharibifu inagusa mshahara wetu pia. Tangu viwavijeshi vamizi walipoingia Kenya mwaka 2017, fedha tunazotuma nyumbani zinaishia mara nyingi katika chupa ya sumu. Tena anayebeba bomba mgongoni hana glavu wala kitambaa cha pua, na sumu humwanza yeye kabla ya kiwavi.

Iko njia nyingine. Katika udongo wamo minyoo wadogo mno. Sisemi wale wanaovimbisha mizizi ya nyanya, maana hao ni adui. Hawa hawali mmea. Humtafuta mdudu, wakamwingia kwa mdomo au kwa matundu ya pumzi, wakatoa ndani yake bakteria wanaowabeba tumboni. Mdudu hufa kwa siku moja au mbili. Minyoo huzaliana ndani ya mzoga, kisha hutoka kwa maelfu kutafuta wadudu wengine. Hawamdhuru mtu wala ng'ombe.

Wako wasemao haya ni mambo ya Ulaya. La hasha! Aina moja, Steinernema karii, ilipatikana katika udongo wa Kenya hii hii, na mwaka 1997 ikapewa jina la KARI, taasisi ya utafiti wa kilimo ambayo sasa ni KALRO. Na jirani zetu wa Rwanda wamejenga mahali pa kuzalisha minyoo wa namna hii huko Rubona. Katika nchi hiyo walijaribiwa juu ya viwavijeshi: walichanganywa na ute mzito wasikauke, wakatiwa katika moyo wa mhindi, na viwavi wakapungua.

Huu si muujiza. Minyoo ni viumbe hai. Jua kali na ukavu huwaua. Yapasa kuwatia jioni, udongo ukiwa na unyevu, na kuwaweka mahali pa baridi kabla ya kuwatumia. Mwenye duka hapendi bidhaa isiyoweza kukaa miezi mingi katika joto la dukani. Ndiyo sababu jambo hili lisiachwe mikononi mwa wenye maduka peke yao.

Maoni yangu ni haya. Chama chetu kiungane na vyama vya wafanyakazi wa mashamba makubwa, ambao ndio wanaopiga sumu kila siku, na pia vyama vya ushirika. Kwa pamoja tuidai serikali iwazalishe minyoo wa udongo wetu, wauzwe kwa bei ya mfuko wa mfanyakazi, na maofisa wa kilimo wafundishe matumizi yake kijijini. Kodi tunalipa sisi. Matunda ya utafiti yatufikie sisi pia.

Ndugu, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tuiname pamoja.

Mfanyakazi wa Reli